Sanduku Juu ya Udongo: Siku Sita Kutoka Njoro Hadi Yala

Jumatatu, Njoro

Jirani yangu alianza kulima saa kumi na moja alfajiri, taa za trekta zikiwaka, na kufikia saa mbili vumbi lake lilikuwa limeshatua juu ya uji wangu. Udongo wetu wa huku ni wa majivu ya volkano. Ni mwepesi, unapenda mahindi na ngano, lakini ukikauka kisha ukapigwa diski mara tatu unageuka unga. Upepo wa Machi huubeba kuelekea Rongai bila nauli.

Binamu yangu alifika na masanduku yake. Kazi yake ni kupima gesi zinazotoka shambani, kazi ambayo nikiwaeleza watu wa hapa sokoni huangua kicheko. Dereva wake anaugua, nami nina pikapu ambayo kwa kawaida hubeba viazi vya Molo. Tulikubaliana: yeye mafuta na chakula, mimi usukani, hadi Yala na kurudi. Sharti langu lilikuwa moja tu, aanze na shamba langu.

Wiki mbili nyuma alikuwa amechomeka fremu mbili za plastiki ardhini, moja katikati ya mabua ya mwaka jana, nyingine kwenye ukingo wa ua ambako jembe halijapita tangu baba aage dunia. Leo alifunika ya kwanza kwa sanduku, akalibana kwa vibanio, akaniambia niwashe saa ya simu. Dakika sifuri, kumi, ishirini, thelathini. Kila nilipoita, alichoma sindano kwenye kizibo cha mpira kilicho juu ya sanduku, akavuta hewa, akaisukuma ndani ya kichupa kisichozidi kidole gumba. Mtoto wa dada yangu akauliza udongo una ugonjwa gani hadi udungwe sindano.

"Hatuudungi," binamu akamjibu. "Tunautoa damu tukaipime."

Gesi anazotafuta ni tatu. Ya kwanza ni kaboni dioksidi, ambayo vijidudu vya udongo huipumua vinapokula masalia ya mimea, kama sisi tunavyopumua. Ya pili ni methani, ya mahali palipofungwa na maji. Ya tatu, nitrasi oksidi, ndiyo iliyonikalisha chini, kwa sababu inatoka kwenye mbolea niliyoinunua kwa pesa yangu. Kilo moja ya gesi hiyo hupasha dunia joto sawa na kilo 273 za kaboni dioksidi, ukihesabu kwa miaka 100.

Nilichukua kijiti nikapiga hesabu mavumbini. Mfuko wa CAN, mbolea ya kukuzia, wa kilo 50 una nitrojeni kilo 13. Kiwango ambacho wataalamu wa tabianchi hutumia pale wasipokuwa na vipimo vya mahali penyewe ni asilimia 1, yaani gramu 130 za nitrojeni hiyo hupaa zikiwa nitrasi oksidi. Ukiigeuza kwa kipimo cha kaboni dioksidi unapata kama kilo 56, karibu sawa na kuchoma lita 20 za dizeli. Na hapo hujahesabu moshi wa kiwanda kilichoitengeneza.

"Gramu 130 katika kilo 13 si hasara ya kunikosesha usingizi," nikasema.

"Kwa mfuko wako, sawa. Lakini mvua ile ya mwaka jana iliondoka na kiasi gani?"

Nikanyamaza. Mwaka jana niliweka mbolea ya kukuzia Ijumaa, na Jumamosi ikanyesha mvua iliyoacha madimbwi siku nne. Udongo uliojaa maji ukiwa na nitrojeni nyingi ndio vijidudu hivyo huupenda, maana oksijeni ikiisha hugeukia nitreti, ile nitrojeni ya mbolea iliyoyeyuka, na kuivunja kuwa gesi. Kinachobaki huzama chini ambako mizizi haifiki. Mahindi yangu yalikuwa ya manjano kufikia mwezi wa sita na mimi nikamlaumu muuza mbegu.

Kabla hatujaondoka alifanya mchezo mmoja ambao nitaueleza kwa sababu mtu yeyote anaweza kuufanya jikoni kwake. Alichukua bonge la udongo mkavu kutoka shambani na jingine kutoka ukingoni mwa ua, yote ukubwa wa yai la kware, akayatumbukiza kwenye glasi mbili za maji. La shambani lilianza kutoa mapovu, likamomonyoka kama biskuti kwenye chai, na baada ya dakika tatu glasi ilikuwa na tope tupu. La ukingoni lilikaa pale chini, zima, maji yakiwa maangavu juu yake. Shamba moja, majivu yaleyale ya volkano. Tofauti ni ile gundi inayotoka kwenye mizizi, kuvu na masalia yaliyooza, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kaboni ya udongo. Sisi tumeilima na kuichoma kwa miaka thelathini.

Nilimwomba mdogo wangu asiite trekta hadi nirudi, wala asichome mabua. Akasema sawa kaka, kwa ile sauti ninayoijua.

Jumanne, barabarani

Tulipita Molo na Mau Summit kukiwa na ukungu, tukaacha barabara ya Kericho na kushuka kwa Londiani, Fort Ternan, hadi Koru. Breki za pikapu zilinuka njia nzima.

Koru ndiko chokaa ya magharibi inakotoka kwa wingi. Mawe meupe, malori meupe, hata majani ya migomba ya kando ya barabara meupe. Udongo wa magharibi mwingi ni wa asidi, na mbolea ya kupandia ya DAP, tuliyoizoea kama chumvi, huongeza asidi hiyo mwaka baada ya mwaka. Asidi ikizidi, fosfati, chakula cha mmea kilicho ndani ya DAP, hushikwa na udongo kama mkopo kwa shemeji. Chokaa huifungua. Binamu aliongeza, kwa kuwa hawezi kuacha jambo zuri lipite bila kulitia doa, kwamba chokaa nayo ikiyeyuka hutoa kaboni dioksidi, hadi kilo 22 kwa mfuko wa kilo 50. Nikamuuliza kama kuna kitu chochote duniani kisichotoa gesi. Akasema jiwe, ukiliacha.

Muhoroni walikuwa wakichoma majani ya miwa. Tulifunga vioo. Usiku tukalala Ahero.

Jumatano, Ahero

Mwenyeji wetu ni jaduong', mzee wa Kijaluo, wa miaka sabini na kitu, mwenye vipande vitatu vya mpunga kwenye mradi wa umwagiliaji. Anamwita binamu yangu *nyara*, binti yangu, na mimi ananiita dereva. Udongo wa hapa, tambarare ya Kano, ni mweusi, wa kunata. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mguu wa mbuzi unaingia, na ukilowa unavua watu viatu.

Jaduong' alikunja suruali akaingia kwenye maji akiwa mbele. Kila alipokanyaga, mapovu yalipanda pande zote mbili za kifundo cha mguu wake, yakapasuka kwa sauti ndogo.

"Udongo unacheua," akasema. "Tangu nikiwa kijana. Nilidhani ni vyura."

Ni methani. Maji yakisimama juu ya udongo kwa majuma, hewa haipiti. Vijidudu visivyohitaji oksijeni huchukua zamu, vinakula mizizi na mabua yaliyofukiwa, na pumzi yao ndiyo methani. Nyingi haipandi kwa mapovu haya tunayoyaona. Hupitia ndani ya shina la mpunga lenyewe, ambalo lina mirija ya kupeleka hewa kwenye mizizi, na gesi huitumia mirija hiyo kutoka nje. Kwa hiyo masanduku ya hapa ni marefu, yanafunika mpunga mzima, na mimi nilisimama ndani ya maji na saa ya simu mkononi nikiomba nisiteleze.

Kipande chake cha pili kilinivutia zaidi. Katikati kuna kipande cha bomba la plastiki kilichochomekwa ardhini, kimetobolewa matundu kwa msumari wa moto. Jaduong' huingiza kijiti ndani kupima maji. Yakishuka kiasi cha sentimita 15 chini ya uso wa udongo, ndipo anafungulia mengine. Mpunga ukianza kutoa maua haukauki, hapo anauacha na maji. Kukausha na kulowesha kwa zamu namna hii hupunguza methani kwa theluthi moja hivi, pengine hata nusu, kwa sababu hewa ikiingia wale wacheuaji hukosa nafasi. Nitrasi oksidi hupanda kidogo kwa upande wa pili, lakini hesabu ya jumla bado inakuwa na faida.

Nilimuuliza kama anafanya hivyo kwa ajili ya tabianchi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama anakula ili sahani isikae bure.

"Dereva, maji ya hapa hupandishwa na pampu kutoka mto Nyando. Pampu inakula stima. Stima ina bili. Nikimwagilia mara chache, nalipa kidogo. Hiyo gesi yenu mwichukue tu."

Niliandika maneno hayo kwenye karatasi ya risiti ya mafuta ili nisiyapoteze. Nimehudhuria mikutano ya wakulima ambako mtu wa koti alizungumza saa mbili kuhusu joto la dunia na hakuna aliyebadilisha hata mstari mmoja wa shamba. Bomba la msumari limebadilisha.

Alhamisi, Nyakach

Hapa sitasema mengi. Tulisimama kwenye ukingo wa korongo la Katuk Odeyo na nikasahau nilichokuwa nasema. Ng'ombe aliyekuwa akipita chini kabisa alionekana kama mbuzi. Kuta ni za rangi ya kahawia iliyokolea juu, na chini nyeupe kama mfupa. Ile kahawia ya juu ndiyo chakula, na nyingi ya iliyokuwa hapo iko ziwani sasa, inalisha magugu maji ya Ghuba ya Winam.

Binamu alipima kwenye shamba la mtama lililo mita mia moja hivi kutoka hapo. Akaniambia, kabla hata maabara haijasema, kwamba namba zitakuwa ndogo. Vipimo vya mashamba ya Nyando vilivyochapishwa mwaka 2017 vilionyesha hivyo: wakulima wadogo wa huku hutoa gesi kidogo sana kwa ekari.

"Hiyo si habari njema?" nikauliza.

"Mtu asiyekula hachafui sahani. Udongo huu hautoi nitrojeni kwa sababu hauna."

Panapotoa namba kubwa ni bomani. Samadi imerundikana humo miaka, imekanyagwa, imeloweshwa na mkojo, na hakuna anayeihamisha kwa sababu mkokoteni umevunjika gurudumu. Mama mwenye boma alishangaa kusikia kwamba rundo lile linapumulia hewani ile mbolea anayotamani kuinunua. Akamwita mwanawe, akamwonyesha gurudumu. Maneno ya Kijaluo yaliyofuata sikuyaelewa yote, lakini kijana aliondoka na spana.

Ijumaa, Maseno hadi Yala

Ikweta tuliivuka Maseno bila kusimama. Juu ya vilima vya Vihiga mawingu yalikuwa yameanza kujenga, na binamu akawa haachi kuyatazama. Nilidhani anaogopa barabara ya matope.

Shamba la Yala ni la mama mmoja, mwenyekiti wa chama cha wanawake kumi na tisa. Robo tatu ya ekari. Amepanda nyasi za nepia kuzunguka, na katikati ya mistari ya mahindi kuna desmodiamu iliyotanda kama zulia. Mfumo huu ulianzia Mbita, kwenye kituo cha ICIPE cha utafiti wa wadudu, miaka ya 1990: harufu ya desmodiamu hufukuza nondo wa bungua, yule funza anayetoboa mabua, nepia huwavuta pembeni, na mizizi ya desmodiamu hudanganya mbegu za *kayongo*, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, zichipue na kufa kabla hazijashika mahindi. Watu huupenda kwa sababu ya kayongo. Binamu anaupenda kwa sababu nyingine: desmodiamu ni jamii ya kunde, hivyo huvuta nitrojeni kutoka hewani, na ardhi haikai uchi hata mwezi mmoja.

Kwenye ua ana tithonia, ile yenye maua ya manjano ambayo majirani zake Waluhya huiita amalulu kwa uchungu wake. Huikata ikiwa mbichi na kuifukia kwenye mashimo ya kupandia. Majani yake yakikaushwa yana nitrojeni asilimia 3.5 hivi, ambayo samadi ya boma nyingi haifikii. Lakini ni kazi. Nilibeba mizigo mitatu kutoka ua hadi katikati ya shamba na mgongo wangu ukakumbuka viazi vya Molo kwa upendo.

Jioni niliomba glasi mbili za maji. Mama akadhani nina kiu. Nikatumbukiza bonge kutoka kwake na jingine kutoka kwa shemeji yake ng'ambo ya njia, anayelima na kuchoma. La kwake lilitoa mapovu machache kisha likatulia. La shemeji lilikuwa tope kabla hajamaliza kuita watoto waje kuona. Akaibeba ile glasi ya tope, akavuka njia nayo. Aliporudi hakutuambia walichozungumza.

Tulipokuwa tukila omena aliniuliza kama ni kweli kaboni huuzwa. Ni kweli. Mradi wa Vi Agroforestry, uliofanyika Kisumu na Kitale kwa kushirikiana na Benki ya Dunia, ulipata hati za kwanza za kaboni ya mashambani, yaani vyeti vinavyouzwa kwa gesi iliyozuiwa kwenda hewani, mwaka 2014. Watu wanaposikia hivyo hudhani ni pesa ya lori. Ukigawa kwa maelfu ya wakulima, kila mmoja mwenye ekari moja au mbili, kinachomfikia mtu ni kidogo, na waliobaki kwenye mazoea hayo walibaki kwa sababu ya magunia waliyovuna.

Kuna jambo jingine ambalo binamu hulisema kwa sauti ya chini, kana kwamba linaweza kuharibu kazi yake. Siaya kuna majaribio ya mahindi yaliyoanzishwa mwaka 2003 na watafiti wa CIAT, kituo cha kimataifa cha kilimo cha tropiki, mengine yakipewa samadi, mengine yakiachiwa mabua, mengine yakilimwa kidogo tu. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2018, hata vipande vilivyotunzwa vizuri vilikuwa vimepoteza kaboni. Vilipoteza polepole kuliko vile vilivyoachwa, ila vilipoteza. Kwenye joto na mvua za huku, vijidudu havilali. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba msimu mmoja wa mabua utajaza ghala la kaboni, muulize yeye analima wapi.

Na mbolea ya dukani? Hapa Yala iliwahi kujaribiwa kwenye mahindi, kuanzia sifuri hadi kilo 200 za nitrojeni kwa hekta. Kwenye viwango vya chini nitrasi oksidi ilisogea kidogo sana. Ilipaa kule juu, mimea iliposhindwa kula yote. Nikageuza hesabu: kilo 200 kwa hekta ni kama mifuko sita ya CAN kwa ekari. Mama alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Mwaka jana aliweka nusu mfuko. Kumwambia mtu kama huyu apunguze mbolea ili kuokoa dunia ni kumwambia mwenye njaa afunge. Anachohitaji ni nusu mfuko wake usiende na maji: auweke kidogo kidogo, karibu na shina, mahindi yakifika magotini, na si kabla ya mvua kubwa. Hilo lanihusu mimi zaidi yake.

Saa nne usiku, mvua.

Jumamosi, Yala

Saa kumi alfajiri binamu alinigonga mlangoni akiwa na gambuti na tochi ya kichwani. Ndiyo mvua aliyokuwa akiitazama mawinguni tangu jana. Sikuwa nimeelewa.

Mwaka 1958 mtafiti aliyeitwa Birch, akifanya kazi Muguga karibu na Nairobi, aliandika jambo ambalo bibi zetu walilijua kwa pua. Udongo uliokauka kwa miezi ukilowa kwa mara ya kwanza, vijidudu huamka wote kwa pamoja. Waliokufa kwa kiu wanakuwa chakula cha walioamka, na katika siku chache hutoka pumzi kubwa ya kaboni dioksidi pamoja na nitrojeni iliyo tayari kutumika. Sehemu kubwa ya gesi ya mwaka mzima inaweza kutoka katika majuma haya machache, kwa hiyo usipopima leo umekosa. Ndiyo sababu wazee husema panda na mvua ya kwanza: mahindi yakiwahi, nitrojeni hiyo ni yao. Yakichelewa, inazama au inapaa.

Tulipima masanduku manane gizani. Hapakuwa na mtu wa kushika tochi ila mvulana wa mama, darasa la saba, ambaye alichukua simu yangu na kuita dakika kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Harufu ya ardhi ilikuwa nzito kiasi cha kuonjeka. Kwenye shamba la mama maji hayakuwa yamesimama popote, desmodiamu ilikuwa na matone tu. Ng'ambo ya njia, kwa shemeji, palikuwa na mfereji mdogo uliochimbwa na usiku mmoja, na maji yake mekundu yalikuwa yakielekea mtoni.

Shemeji mwenyewe alikuwa amesimama pale na blanketi mabegani. Alituamkia, akatutazama kwa muda mrefu tukibadilisha sindano, kisha akauliza ile desmodiamu mbegu yake huuzwa kwa kikombe au kwa kilo.

Saa tatu nilimpigia mdogo wangu. Njoro bado kukavu, akasema, mvua inaonekana kwa mbali upande wa Mau.

"Na trekta?"

"Kaka, alipita jana jioni, akanipa nusu bei kwa sababu alikuwa njiani. Ningemkataaje?"

"Mabua je?"

"Ya katikati yameshafukiwa. Ya pembeni niliyakusanya." Akakohoa. "Kiberiti bado."

Nikamwambia kiberiti akirudishe kwa mama yetu, na mabua ayatandaze tena hadi nifike. Binamu alikuwa akihesabu vichupa kwenye tandiko la nyuma, thelathini na mbili, akivifunga kimoja kimoja kwenye gazeti visigongane kwenye matuta ya Kisumu.